Kisogo cha Papa Polycarpe mu Nyumba ya Mwami

Ukipanda ngazi za métro pale Porte de Namur, hapa Ubelgiji, acha batu bakimbilie maduka, weye geuka ku salon ya nywele ya Pétronille. Pale harufu ya mafuta ya kusukia inapigana na harufu ya frites, utaona banc ya commune yenye mbao tatu, moja imekatika, na juu yake siye. Miye ni Maman Berthe, wa Kadutu, Bukavu. Masomo yangu iliishia mwaka wa ine, masœurs walichoka na mudomo yangu. Wakati ya joto ninaleta thermos ya kahawa ya tangawizi kila jioni, na sukari kila mutu anakuja na yake. Josias tunamuita Sénateur, juu anafunga cravate hata akienda kutupa takataka, na hakuna mutu aliyemupigiaka kura. Kadiri wa Buyenzi, Bujumbura, ni Météo: akisema kesho jua, weye tafuta mwavuli. Nday wa Lubumbashi ni Douanier, hawezi kuona sachet ya mutu ikipita bila kuuliza ndani kuna nini. Sasa mukae vizuri niwapashe mambo ya jioni moja ya mwezi wa munane, mwaka wa 92.

Siku ile Crispin alikuja akakaa chini kabisa, kwenye bordure, miguu mu barabara, sawa mutu anayengoja gari imukanyage. Crispin tunamujua wote. Ni kijana wa Bukavu, anaogesha bazee mu home moja ya Schaerbeek, hana baba, hana mama, hana hata shangazi wa kuazima hapa Ubelgiji. Anapenda Régine, ule anasuka nywele kwa Pétronille, na Régine anamupenda. Hiyo nilijua mbele yao wenyewe. Donc baba ya Régine, Papa Polycarpe, mujane mwenye mashamba kule Walungu, akapanda avion kuja kuangalia huyu mwanaume ni wa namna gani. Atarudi siku ya mardi, siku ya pili ya juma. Alikuwa anaongea vizuri, anacheka, mupaka ile siku Crispin alimupeleka kuona palais ya mwami wa hapa, mufalme wa bazungu. Tangu pale, juu ya ndoa, kimya. Na Régine amesema wazi: bila neno la baba yake haolewi. Mzee akipanda avion na ile kimya yake, basi, imekwisha.

— Leo amesema kitu? Sénateur akauliza.

— Amesema chumvi, Crispin akajibu.

— Chumvi?

— Régine alimuwekea mayai. Akasema: chumvi. Ni yote.

— Chumvi si neno dogo, Météo akasema. Mutu aliyekasirika kabisa anakula hivyo hivyo bila chumvi.

— Chumvi ni chumvi, nikamwambia. Kunywa kahawa yako.

Sénateur akanyoosha cravate, ile namna yake ya kufungua kikao.

— Tufuate mambo moja moja. Kabla ya palais alikuwa anaongea?

— Sana! Tulimupeleka na Régine kuona kale katoto ka chuma kanakojoa. Alicheka mupaka akakamata ukuta. Alimwambia Régine: "Bazungu walivuka bahari kuja kutufundisha adabu, na hii wameiacha nje hapa batu wote wanaona?"

— Ha! Na Atomium, yale mapira makubwa ya chuma?

— Aliuliza zile sufuria ni za harusi ya nani.

— Na Grand-Place, ule uwanja mukubwa?

— Alisema ni pazuri sana, mawe matupu, mihogo ingekauka siku moja.

— Mutu mwenye akili, nikasema. Na ni mujane, musisahau hiyo.

— Maman Berthe, tafadhali, Sénateur akasema. Sasa palais.

— Palais tulienda siye wawili. Régine alikuwa na bibi harusi wa kusuka. Ni yeye alimwambia baba yake asubuhi: "Papa, leo Crispin atakupeleka mu nyumba ya mwami." Mzee alisimama palepale, akaenda kuvaa.

— Bon. Mulipokuwa ndani, uso wake ulikuwaje?

— Sikuona uso.

— Namna gani hukuona uso? Mulishinda pamoja nusu siku!

— Papa Josias, ni baba mukwe! Nitapita mbele yake? Nitamutazama mu macho? Miye nililelewa. Nilikuwa nyuma.

— Toka mulango mupaka mulango?

— Toka mulango mupaka mulango. Niliona kisogo.

Hiyo ni heshima yetu, siwezi kuicheka. Kwetu kijana anamukwepa baba ya bibi yake sawa moto: hapiti mbele yake, hakuli naye, hamukazii macho. Mais kutembeza mutu mu nyumba ya mwami ukiwa mugongoni kwake, hiyo miye sikusikiaka. Ni sawa kuongoza mbuzi kwa mukia.

— Haizuru, Douanier akasema, akasogea mbele. Tutafanya kazi na kisogo. Tuanzie ku mulango. Alibeba kitu?

— Nilijua utauliza hiyo, Météo akasema.

— Nyamaza weye. Alibeba kitu?

— Alibeba kifurushi mu kitenge, Crispin akasema polepole. Sambaza.

— Sambaza zile, samaki badogo ba Kivu?

— Za kukauka. Alizileta toka kwetu, akaziweka chini ya kitanda. Régine alitaka kuzipika, akamukataza. Siku ya palais akazitoa, akavaa abacost yake ya kahawia, ile koti ya bila cravate, akafunga vifungo vyote mupaka ku shingo, na joto ile.

— Na gardien wa mulango?

— Gardien alinusa. Akaita mwenzake, naye akanusa. Wakasema: vestiaire, ziachwe pale ku mulango na makoti.

— Ah! Wamezikula!

— Hapana, tulirudishiwa tukitoka. Sasa ziko juu ya frigo. Hakuna mutu anaruhusiwa kugusa.

Douanier akashika kichwa kwa mikono miwili.

— Sambaza zimepita ku gardiens bawili, zimerudi bila hata moja kupungua. Batu wangu, miye nimesimama ku mupaka wa Kasumbalesa miaka mingi. Hiyo si kawaida. Hapo kuna jambo.

— Endelea, Crispin, nikasema. Kisogo.

— Tulipanda ngazi kubwa, zulia jekundu. Kisogo kiko juu, kimenyooka. Nikasema, amefurahi. Tukaingia chumba cha kwanza. Akasimama katikati, akaunganisha mikono mbele, akakohoa kidogo.

— Mavumbi, Météo akasema.

— Halafu akangoja.

— Akangoja nini?

— Sijui, Tonton Kadiri. Kisogo hakisemi. Gardien akamwambia: "Avancez, monsieur, avancez." Tukasogea chumba cha pili. Akasimama katikati, akakohoa, akangoja. "Avancez, monsieur." Cha tatu vilevile. Wazungu wanapita pembeni na appareils zao, clic, clic, yeye katikati sawa mutu anayepigwa picha ya ukumbusho.

— Na mbele ya picha ya ule mwami wa zamani mwenye ndevu, aliyejifanyia inchi yetu shamba lake? Sénateur akauliza.

— Pale kisogo kilikawia zaidi.

— Kila kisogo cha kwetu kinakawia pale, Sénateur akasema.

Na hakuna aliyecheka, juu ule mwenye ndevu iko nje pia, amepanda farasi ya chuma, karibu kabisa na banc yetu, na kila siku tukienda commune tunapita chini ya mukia ya farasi yake.

— Na chumba cha vioo? nikauliza. Miye niliambiwa kuna chumba cha vioo.

— Kuko, Crispin akasema, na sauti ikamukauka. Vioo ku kila ukuta.

— Eeh! Basi hapo ungeinua macho kidogo tu, uso ungeuona bila kumutazama yeye!

— Maman Berthe, niliinua. Nikaona baba mukwe kumi. Kumi! Wote na abacost. Nikaangusha macho ku viatu vyangu, na sikuyainua tena mupaka nje.

Hapo tulicheka mupaka Pétronille akatoa kichwa dirishani na kitana mu mudomo kuuliza nani amekufa. Crispin peke yake hakucheka. Nikamumiminia kahawa, nikamupa sukari yangu mwenyewe, na hiyo siifanyi kwa kila mutu.

— Tukitoka, akasema, alisimama ku ngazi ya nje, akageuka, akatazama ile nyumba yote, madirisha yote. Kisogo kikashuka hivi. Halafu akachukua sambaza zake, tukarudi na tram, na mudomo ukafungwa.

Sénateur akainua kidole.

— Nimeelewa. Ni mambo ya mahari.

— Weye kila kitu ni mahari.

— Munisikilize! Huyu ni mutu wa mashamba. Kule kwake aliamua ng'ombe wake kichwani, ngapi za kuomba, akaridhika. Sasa weye, Crispin, unamuingiza mu nyumba ambapo hata kiti kinavaa dhahabu. Zile taa za kristali zinaning'inia sawa ndizi zimeiva. Akasema moyoni: ah, kumbe hapa Bulaya mambo iko hivi? Na miye nilikuwa nitoe binti yangu kwa ng'ombe! Ile kimya ni hesabu. Anapandisha bei. Utaona, ataomba taa moja.

— Taa ya nani? Crispin akauliza.

— Ya kristali. Uanze kutafuta mapema.

— Si kweli, Météo akasema. Wallahi si kweli. Ni vile vioo. Angalia, mzee wa Walungu, nyumbani ana kioo kimoja kidogo cha kunyolea ndevu. Maisha yake yote anajiona kwa mbele tu, tena vipande vipande, shavu leo, kidevu kesho. Hapa kaingia chumba kimoja, kajiona kwa nyuma. Kaona kisogo chake mwenyewe! Mutu akiona kisogo chake anapata mawazo. Anajiuliza: huyu mzee aliyeinama ni nani? Kumbe ni mimi. Basi usingizi umekwisha, maneno yamekwisha.

— Kwa hiyo hataki kuongea juu ameona kisogo chake?

— Anakiombolezea.

— Météo, nikamwambia, leo ulisema kutakuwa mvua ya mawe.

— Itakuja.

Hakukuwa na wingu hata moja, kutoka pale mupaka Berchem-Sainte-Agathe, mwisho wa muji.

Douanier alikuwa anangoja zamu yake, goti linacheza.

— Nyiye wote munasahau mufuko, akasema. Sambaza! Mutu habebi sambaza bure. Miye niwaambie vile iko. Chini ya yale mazulia kuna mashine. Inasikiliza hatua za batu. Ukikohoa, inasajili. Yeye amekohoa kila chumba, donc amejibu kila chumba. Ni signes, alama! Huyu mzee iko na kazi ya siri tangu zamani, kabla ya Indépendance. Bazungu walimuacha kule Walungu na wakamwambia: siku tukikuita, leta samaki. Ameleta. Gardiens wamenusa, wakajua ni yeye. Wakazirudisha: maana yake, message imepokelewa. Sasa anaweza kuongea namna gani? Ameapishwa! Mardi hatapanda avion ya batu wote. Mutaona. Atachukuliwa na gari nyeusi.

— Apelekwe wapi?

— Hiyo hawawezi kutuambia.

— Na ndoa yangu? Crispin akauliza.

— Fiston, Douanier akamwekea mukono ku bega, ukiingia mu famille sawa ile, uzoee kutouliza.

Crispin akaweka kikombe chini. Nikaona machozi iko karibu. Nikasema basi nimutulize na ukweli wangu.

— Nyiye wanaume hamuna macho, nikasema. Mutu amevaa abacost mu joto, amefunga vifungo vyote. Amebeba zawadi. Anaingia kila chumba, anasimama, anakohoa ile ya kusema "niko hapa", anangoja mutu atoke. Kisha anatoka nje, anatazama madirisha yote, moja moja, na shingo inaanguka. Hiyo ni nini? Ni mapenzi!

— Mapenzi ya nani, Maman Berthe?

— Ya gardienne. Iko moja pale mulangoni, Muflamand, mwenye mashavu. Nimemuona miye mwenyewe mwaka uliopita, alinikataza kugusa pazia. Mujane amemuona, roho imeruka. Hawezi kuongea juu ya ndoa ya mutoto wakati yake mwenyewe inamuchoma.

— Lakini ule gardien alikuwa mwanaume, Crispin akasema. Na ndevu.

— Basi ulikuwa unatazama viatu, ulijuaje ndevu?

Hapo akashindwa. Miye nikifunga mulango ninaufunga na komeo.

Sénateur akasema mapenzi haiwezekani, ni mahari. Météo akasema ni kisogo. Douanier akasema tuongee kwa sauti ya chini, juu ya ile gari ya bluu iliyosimama ng'ambo. Wakaanza kushindana mupaka batu wa bus wakageuka kutuangalia, na hakuna hata mumoja aliyekumbuka kwamba mwenye shida alikuwa amekaa palepale katikati ya miguu yao. Crispin akasimama, akapangusa suruali.

— Nimechoka, akasema. Nitamwambia Régine arudi na baba yake mardi, akae naye kidogo. Kama mzee hanitaki, basi hanitaki. Miye siwezi kumupigania binti na mutu ambaye siwezi hata kumutazama.

— Kaa, nikamwambia.

— Hapana, Maman. Muniache.

Na akageuka kwenda. Njo akasimama sawa mutu ameona chatu. Akarudi nyuma hatua moja, mbili, akazunguka banc, akajificha nyuma ya mugongo wa Sénateur, macho ku lami.

Mzee mumoja alikuwa anakuja polepole upande wa salon, abacost ya kahawia, vifungo vyote. Aliangalia banc, akaangalia mbao iliyokatika, akaangalia siye. Ni siku ya kwanza nilimuona karibu. Nikavuta kitenge changu vizuri ku mabega. Sisemi zaidi.

— Musalimiwe, akasema.

— Salama, Papa, karibu, tukajibu wote pamoja, sawa batoto ya école.

— Miye ninaitwa Polycarpe. Binti yangu anasuka hapa ndani. Aliniambia kijana Crispin anashindaka na batu ya hii banc.

— Ni kweli, Papa, Sénateur akasema. Uketi, Papa.

— Nitaketi nikimaliza. Nimekuja kuuliza.

Akakohoa. Hiyo kukohoa ilipita mu mwili wangu yote, juu palepale nikakumbuka kwa baba yangu: mugeni akifika ku lupango, mbele ya nyumba, hapigi kelele, anakohoa, anangoja mwenye nyumba atoke.

— Nyumbani, Papa Polycarpe akasema, kijana asiye na baba akitaka kuoa, anaenda kwa mwami. Mwami njo anatoa mutu wa kusema: huyu ni wetu, tunamuombea mutoto wenu. Niliposikia Crispin ananipeleka mu nyumba ya mwami wa hapa, nikasema, ah, huyu alilelewa. Hana batu, mais anajua njia. Nikavaa. Nikabeba sambaza, juu mutu haendi kusikiliza posa mikono mitupu. Nikafika. Nikapita vyumba vyote vya ile nyumba. Kila chumba nilisimama, nilikohoa, niliwapa nafasi. Kila chumba kulikuwa na mutu na uniforme. Nikasema, huyu njo atasema. Ananiambia: songa mbele. Nikasonga. Wa mwisho akanionyesha mulango wa kutokea.

Papa Polycarpe akafungua kifungo cha shingo, akakifunga tena.

— Miye si mujinga, akasema. Niliona batalii na appareils zao. Wale walikuja kutazama. Miye nilialikwa.

— Papa, Sénateur akasema kwa sauti ndogo sana, wakati ya joto mwami anaenda vacances. Njo maana wanafungua nyumba kwa batu wote.

— Yeye yuko vacances, sawa. Na mudogo yake? Na bajomba yake? Nyumba yenye milango ile yote inaachiwa bagardiens peke yao?

Miye nilimuangalia Crispin kule nyuma. Alikuwa ameelewa. Mikono yake ilikuwa ku mudomo.

— Siku zile zote nimekaa ninafikiri, Papa Polycarpe akaendelea. Nikasema, huyu kijana nimemuchunguza, ana heshima, anatembea nyuma yangu vizuri, hata mu vioo hakunitazama, niliona. Mais siwezi kutoa binti kwa mutu ambaye hakuna nyumba inayotoka kumusemea. Siku akimupiga, nitamushitaki kwa nani? Siku akiugua, nani atamubeba? Halafu leo Régine ananiambia: Papa, yeye ana batu, wako ku banc. Nikasema, labda nilikosea nyumba. Donc ninauliza hapa. Nyiye mumoja wenu ni muzazi wa huyu mutoto?

Tuliangaliana. Sénateur, na mudomo ile yote, akawa anaangalia métro. Halafu nikasikia nyuma yetu Crispin anavuta pumzi, ile pumzi ya mutu anayejua atajibiwa nini, na nikaona Sénateur anasimama.

— Ni miye, Papa, akasema. Baba yake ni miye.

— Kwa sheria, Douanier akasimama naye, ni siye wawili. Miye ni baba mukubwa.

— Na mimi baba mdogo, Météo akasema. Upande wa mama.

Papa Polycarpe akatazama kofia ya musikiti ku kichwa ya Météo.

— Weye ni baba mudogo ya Crispin aliyebatizwa na mapadri?

— Upande wa mama, Météo akarudilia, jasho linamutoka. Tuko wengi kule.

— Na miye ni mama, nikasema, nikisimama, kabla mutu mwengine hajachukua pahali yangu. Bila bwana, nikaongeza, ili isije kukosekana maelezo.

Papa Polycarpe akatuhesabu kwa macho. Nafikiri alicheka, kidogo, pembeni ya mudomo, mais siwezi kuapa.

— Kumbe baba batatu na mama mumoja, akasema. Ni wengi. Ile nyumba ya mwami haikuwa na hata mumoja. Bon. Sasa nyiye wazazi muniambie: siku ile mutoto wenu alinipeleka peke yake, nyiye mulikuwa wapi?

Kutoka palais mupaka hapa, mwanamuke mwenye mimba anafika bila kupumuzika. Jibu siye wote tuliijua. Tulikuwa tumeikalia. Sénateur akafungua cravate, akaifunga upya. Météo akatazama mbingu. Douanier akainama kufunga kamba ya kiatu, na alikuwa amevaa sandale. Miye nikakamata thermos nimumiminie mugeni, angalau mikono yangu ipate kazi. Ikatoa tone moja, halafu hewa.

Alitungoja. Mutu aliyengoja mu vyumba vyote vile, ku banc anaweza kungoja mupaka kesho.

— Haizuru, akasema mwishoni. Mutanijibu dimanche, kisha misa, kwa Régine. Mukuje wote. Mukinijibu vizuri, tutaongea juu ya ile jambo ingine. Na avion, niliambiwa, inaweza kungoja samedi inayofuata.

Akatuaga na mukono, akaenda zake ku salon kumuchukua binti yake. Crispin akatoka nyuma ya banc. Alitaka kucheka na kulia, na uso yake haikujua ianze na nini. Akanikumbatia, akamukumbatia Douanier, akamukumbatia mupaka Météo.

— Alors, Sénateur akasema, tayari amekaa, tayari anapanga. Dimanche tutasema tulikuwa kazini.

— Weye? Kazi gani? Douanier akamuuliza. Mbele ya mutu mukubwa?

— Tuseme tulikuwa kilioni, Météo akasema. Mutu aliye kilioni haulizwi.

— Kilio cha nani?

— Tutamutafuta.

— Na akiomba kwenda kutoa pole?

— Tuseme tuligonjwa, nikasema miye. Wote, chakula kimoja.

— Chakula cha nani? Sénateur akauliza. Chako? Utajiharibia jina mbele ya mujane.

Alikuwa na haki.

— Mais, Crispin akasema, anatutazama mumoja mumoja na ile macho yake ya mutoto wa catéchisme, kwa nini musiseme tu ukweli? Mulikuwa hapa, munakunywa kahawa.

Tukamugeukia wote. Sénateur akatikisa kichwa kwa huruma kubwa.

— Huyu mutoto! Kweli, nani alimulea?

— Ni weye, nikamwambia. Umesema mbele ya batu.